Chupa ya Pili

Mzamiaji alikuwa chini ya maji akipachika vipande vya matumbawe kwenye mwamba, mara mlipuko ukamtikisa kifua. Samaki wadogo wakaanza kuelea tumbo juu.

Aliibuka masikio yakimvuma. Ndani ya mashua iliyokuwa karibu alisimama mdogo wa mumewe, chupa ya pili ya baruti mkononi.

"Shemeji! Kumbe ni wewe? Toka majini!"

"Ukiumaliza mwamba huu, kesho utavua wapi?"

"Watoto hawali mwamba, shemeji. Toka, nakusihi!"

Saruji ya kubandikia matumbawe ilikuwa bado mbichi chini ya kucha zake. Alimwona shemeji akipapasa mfukoni kutafuta kiberiti.

"Haya, washa," akamwambia.

Akavuta pumzi, akazama tena.