Mchicha wa Kiwanda cha Betri

Bwana Shebughe alitaka kujenga nyumba za kupanga pale palipokuwa na kiwanda cha betri. Bi Mwanakheri alipofika kupima udongo, alikuta ameandaliwa ugali na mchicha.

"Umeota hapa hapa," alisema Shebughe. "Udongo wenye sumu ungeotesha mboga nzuri hivi?"

"Haya, onja kwanza," alijibu Bi Mwanakheri. "Mwenyeji ndiye humtoa mgeni wasiwasi."

Shebughe alimega tonge, akalichovya, likaishia hewani.

"Nilisahau. Leo nimefunga."

Kijiti cha kuchokolea meno kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni mwake.

"Hakuna neno." Bi Mwanakheri aliifunika sahani, akavuta kiti. "Tutafuturu wote."

Jua lilikuwa bado utosini. Shebughe akaanza kumwita, kwa upole, mbuzi wa jirani ambaye yeye mwenyewe alimfukuza asubuhi kwenye mchicha.