Lijamu ya Ngozi

Makame alitaka lijamu kali kuliko zote, chuma cha kinywani chenye meno. Farasi wake jike alikuwa amemwangusha mara tatu, na Makame alikuwa ameapa kwamba akimwangusha tena atamuuza kwa wachimba mawe.

"Huyu mkaidi, bibi. Nipe ya kumkomesha."

Bi Kibibi, mshona hatamu, alimfungua farasi kinywa taratibu, akapitisha kidole kwenye ufizi, kikatoka na damu. Akamvua lijamu ya chuma aliyokuwa amevaa, akaiosha vizuri, akampa Makame.

"Iume, mjukuu wangu."

"Mimi?"

"Kwani mimi ndiye ninayempanda?"

Makame akaiuma. Bibi akavuta hatamu kidogo tu, na lile pande la mtu likatupa kichwa juu, likarudi nyuma mpaka ukutani, machozi yakimlenga.

"Basi na yeye hufanya hivyo hivyo," alisema bibi. "Mkaidi angesimama akakutazama. Huyu anaogopa."

Akatwaa lijamu ya ngozi, akaipaka asali, akampa Makame aishike kiganjani bila kuisogeza. Farasi akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Kisha akainua mguu mmoja wa mbele, akapiga hatua moja kukiendea.