Unyasi Chini ya Kitambaa

Stasė alinyanyua kitambaa cha meza, akachomeka unyasi mmoja chini yake, mbele ya kiti cha mumewe, Zenonas. Ulikuwa mrefu kuliko nyasi zote alizozitandaza pale, na vidole vyake, vilivyotoka kumenya bitiruti za supu, viliacha doa jekundu kwenye ncha. Alikirudisha kitambaa haraka kama mwizi.

Ni mchezo tu wa mkesha wa Krismasi. Baada ya kula, kila mtu huchomoa unyasi bila kuchungulia: mrefu, umri mrefu, mfupi, ndiyo hivyo tena. Watu hucheka. Lakini mwaka huu daktari wa mjini Kaunas alimwambia Stasė faraghani kwamba Zenonas hataiona Pasaka. Binti yao hakuambiwa. Zenonas mwenyewe aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akaamini. Hata miche ya mitufaha ya kupandwa theluji itakapoyeyuka alikwisha kuiagiza. Stasė hakuwa na dawa ya kumpa zaidi ya uongo.

Zenonas aliingia na kuni, akaketi akihema.

"Mama, hebu katuangalizie nyota," alimwambia mkewe. "Macho yangu siku hizi ni ya mapambo tu."

Usiku huo hakiliwi kitu kabla ya nyota ya kwanza kuonekana. Stasė alitoka uani. Nyota ilikwisha kuchomoza zamani; alisimama kwenye theluji, akalia, akajipangusa uso. Aliporudi alimkuta mumewe, mtu asiyegusa sahani isiyo na chakula, akinyoosha kitambaa cha meza.

"Leo nani kakuoa?" alimtania.

"Kimekunjamana."

Binti yao, Daiva, alifika, wakala samaki na uyoga, wakanywa maziwa ya mbegu za mpopi yenye vibiskuti. Zenonas alionja kidogo kidogo, akasifu kila kitu. Kisha akawa wa kwanza kuchomoa. Unyasi wake haukuzidi kidole gumba. Stasė alidhani amekosea mahali, roho ikamuuma.

"Zamu yako, Mama," alisema Zenonas. "Vuta taratibu, usiukate."

Alivuta. Unyasi ulitoka, ukazidi kutoka, mpaka ukamwangukia mapajani. Daiva alipiga makofi, akasema kumbe Mama atatuzika wote.

Kwenye ncha palikuwa na doa jekundu.

"Ile miche," alisema Zenonas, "nilikuagizia wewe."