Mlango wa Kabati la Ciakuthii

Haya niliambiwa na Ciakuthii wa Muthara, tukichambua maharagwe ya njahi, wiki ile mvua ilitufungia jikoni.

Mumewe alikuwa ameunda sanduku la mashine ya gemu, refu kama mtu, la kuvuta vijana dukani kwake. Mbele yake alipigilia mlango wa kabati la nguo, lile Ciakuthii alilopewa na mama yake akiolewa. "Mashine ikikataa," mumewe aliapa, "mlango unarudi mahali pake."

Spika alizitoa kwenye pikapu iliyokufa, ya kubebea miraa. Kwa kuogopa kuharibu mlango, alizikatia matundu nyuma ya sanduku, na sauti yote ikaenda ukutani. Vijana wakacheka. "Mzee, hii gemu yako iko na homa?" Wakaenda zao.

Ciakuthii angefurahi, maana mlango sasa ungerudi kabatini, lakini hakutulia. Alifagia palipokwisha kufagiwa, akimtazama mumewe akichora duara la spika mlangoni kwa penseli, akilifuta kwa kidole chenye mate, akichora tena.

"Hilo ni duara ama ni kiazi?"

"Nilikuahidi, Mama Kendi," mumewe alimwambia.

"Nilisikia."

Akaingia jikoni, akarudi na kifuniko cha sufuria. Akakibandika mlangoni na kukishika kwa mikono miwili.

"Chora. Na ukate polepole, hiyo ni mbao ya mama."

Msumeno ulipoingia, vumbi lilitoka na harufu ya nguo zake za harusi.

Usiku, mumewe alikoroma na viatu miguuni. Ciakuthii alitundika leso kabatini, mahali pa mlango, akaitoa, akaitundika tena, kisha naye akalala.