Alama za Meno

"Hodi!" alisema mwanamke kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani, na papo hapo akawa ameshaingia studio.

"Ngoja kwanza," alisema Faizal bila kugeuka. Alikuwa ameinamia kompyuta yake ya mezani, akimalizia wimbo wake mwenyewe utakaopigwa Ijumaa kwenye kipindi cha vijana redioni. "Nimesema ngoja!"

Mgeni hakungoja. Alikuja mpaka mezani, akaweka tablet juu ya kibodi.

Faizal akajivuta nyuma kama mtu aliyewekewa samaki aliyeoza. Kioo kilikuwa na ufa. Msiro mweupe, uleule ambao mwanamke huyo alikuwa amejipaka usoni, ulikuwa umegandia pembeni. Lakini kilichomchefua zaidi ni ukingo wa juu. Ulikuwa umetafunwa. Alama za meno zilionekana wazi, na mate yake hayajakauka.

"Nani ameitafuna hii? Mbwa?"

Mwanamke alimtazama usoni. "Mimi. Naitwa Zainabo, natoka kijiji cha Olumbi. Nimeleta wimbo wa kikundi chetu cha ngoma ya tufo. Nataka upigwe Ijumaa."

Neusa, mtangazaji wa kipindi hicho, alikuwa mlangoni akinywa chai. "Wimbo wa tablet, mano Faizal," akacheka. "Leo umepatikana, kaka yangu!"

Kila wimbo wa kipindi ulipita kwanza mikononi mwa Faizal, na wa tablet hajapata kuupitisha hata mmoja. Aligeukia skrini zake. "Muziki unataka mashine, dada yangu. Unataka spika, unataka mtu akae kitini. Hicho ni kioo cha kunyolea ndevu."

Zainabo aliinua uso. Alikuwa akitazama feni.

"Nazungumza na wewe!" Faizal akageuka.

"Kwetu mtu akisemeshwa hutazamwa," alisema Zainabo.

Faizal akayarudia maneno yake, ndevu na yote, huku amemkazia macho.

"Kompyuta yako nzuri," Zainabo akajibu. "Ila haiingii kinywani."

Neusa alicheka mpaka chai ikampalia. Faizal hakucheka. Alitafuta kitambaa, akaishika tablet kwa ncha za vidole, akaiunganisha na spika ili mgeni aondoke upesi.

Ngoma zikaanza. Zainabo alibandika kiganja kwenye spika, kiganja chenye mafuta ya nazi, na Faizal akaona alama ya vidole vitano ikibaki juu ya kitu alichokuwa akikifuta kila asubuhi. Alitaka kumfokea. Badala yake akasikiliza. Zile ngoma zilikuwa zimekaa, kila moja mahali pake, hakuna iliyoikanyaga nyingine, na sauti za akina mama zimepita juu yake bila kugusa. Wimbo wake mwenyewe, akiufikiria sasa, ulikuwa makopo matupu.

Hapo kinyaa kingine kikampanda, kibaya kuliko cha mate.

"Umeiba," alisema. "Hii imetengenezwa kwenye kompyuta, mjini Pemba au Mtwara huko, wewe ukaitia humo tu. Tena huoni haya."

Msiro ukakunjamana usoni mwa Zainabo. "Ngoma zetu ziliungua pamoja na nyumba, mano. Zilizobaki ni hizi nilizokuwa nimezirekodi. Ukinitangaza mwizi, wenzangu nitawatazama vipi?"

"Thibitisha, basi. Ngoma kubwa inawahi. Ichelewe, ije pale pumzi ya mwimbaji inapokatika. Ukiweza, hapa hapa, kwa uchafu huo, nafuta wimbo wangu naweka wako. Na hiyo tablet naiuma kama unavyoiuma wewe!"

Akamsukumia hedifoni.

"Hizi hazinifai." Zainabo akazirudisha. Kisha akaichomoa tablet kwenye spika, akaweka ukingo wake katikati ya meno, akashusha macho kwenye kioo, na kidole chake kikaanza kutambaa. Uzi wa mate ukashuka kidevuni. Faizal alitazama ukuta.

"Tayari."

Faizal akaiunganisha tena na spika, akaupiga wimbo. Pumzi ya mwimbaji ikakatika, na ngoma kubwa ikaja nyuma yake kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Yeye, kwa kompyuta yake, angeitafuta sehemu hiyo asubuhi nzima.

"Ulisema, mano," Neusa alinong'ona. "Nimekusikia kwa masikio yangu."

Mama yake Faizal alikuwa ameshawaalika mashangazi wote waje Ijumaa kumsikiliza mwanawe. Faizal alishika mausi. Akaufuta wimbo wake kwenye orodha, akaweka wa Olumbi. Kisha akatazama ule ukingo. Mate yalimetameta.

"Basi, inatosha," alisema Zainabo.

"Niliahidi."

"Kama ni hivyo, ziba masikio. Usipoziba hutapata kitu."

Zainabo akaichomoa tablet, akauanzisha wimbo upya, akamshikia. Faizal alijiziba masikio kwa vidole, akafumba macho, akauma palepale kwenye alama za meno ya Zainabo. Chumvi. Msiro. Feni ikanyamaza, jenereta ya jirani ikanyamaza, kicheko cha Neusa kikanyamaza.

Halafu, kutoka kwenye meno, ngoma zikapanda kichwani. Moja moja. Kila moja mahali pake.

Alipotoa vidole masikioni, Zainabo alikuwa ameshafika mlangoni, akiifunga tablet ndani ya kanga.

"Dada Zainabo," Faizal akaita.

Akaita tena, kwa nguvu. Neusa naye akaita, akipiga makofi. Ule mgongo haukutikisika.

Faizal akainuka, akampita, akasimama mbele ya uso wake.

"Ijumaa," akasema polepole, akifungua midomo vizuri. "Baada ya swala."