Tone Moja Kabla ya Macho Kufumbuka

Alikuwapo panya mmoja, Mama Siwema, aliyependa kuharakisha kila jambo. Bintiye Siwema alikua haraka kweli, akaweza kuburuta gunzi zima la mahindi peke yake. Lakini misimu ilipita na mimba haikutunga. Mama akampeleka kwa mkunga wao, Buku.

"Mkunga, mwanangu amekula nini msimu huu kikamfunga kizazi?"

Buku alimpapasa Siwema tumbo. "Si la msimu huu. Kabla hajafumbua macho, ulimpa nini?"

Mama Siwema akacheka. "Tone moja tu la dawa ya madume, awe na nguvu kama kaka zake. Mbona mimi niliinywa kifuu kizima, na mwezi uliofuata nikazaa!"

"Si nilikataza kichanga asionje kitu ila maziwa? Wewe ulikuwa chungu kilichokwisha kuchomwa, dawa ikapita juu juu. Yeye alikuwa udongo mbichi. Tone lako lilimfinyanga kama dume, hata kizazi."

Mama Siwema aliutazama mwili mkubwa wa mwanawe, kisha akaitazama ncha ya ukucha wake mwenyewe uliobeba lile tone. Akaketi chini.

Tangu siku hiyo Siwema akawa mlinzi wa tundu la wazazi wenye vichanga. Siku moja mama yake alikuja na kijipande cha nazi kwa ajili ya vichanga. Siwema alimzuia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Hicho kula mwenyewe. Hawa bado udongo mbichi."