Fagio za Nyani

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mwezi wa kumi na nne bila mvua, upepo ulikuwa ukimwaga mchanga juu ya kaburi la kale la mababu wa Kobe. Nyani, mkuu wa uhifadhi, aliamuru kaburi lifagiliwe, na nyasi zote zilizolizunguka zing'olewe ili zitengenezwe fagio.

"Mheshimiwa, nyasi hizo ndizo zinazouzuia mchanga," alisema Kobe.

"Mzee, mambo ya mchanga umesomea wapi?"

"Nimeishi hapa miaka tisini."

"Basi umezoea vumbi. Tuachie wataalamu."

Ijumaa Nyani alikuja kuzindua fagio, akauliza kaburi liko wapi. Kobe aliunganisha fagio kwa fagio, akazididimiza mchangani mpaka zikagonga jiwe.

"Liko hapa, Mheshimiwa. Kina chake ni fagio tatu."